Sukari Kwenye Mkojo wa Fundi Redio

Kama sumu ilikuwa mkononi mwa mke, na mke yuko mahabusu tangu juzi, ni nani aliyekuwa akiendelea kumuua Fundi Redio?

Inspekta alijiuliza swali hilo saa tano na robo asubuhi, amesimama mbele ya meza ya manesi katika wodi ya wanaume, chati ya mgonjwa mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya kumfanya mwizi amkumbuke mama yake. Juzi alikuwa amemkamata mke wa Fundi Redio yeye mwenyewe, na wakati ule hakuona shida yoyote. Binti wa Fundi alirudi safarini akamkuta baba yake kalazwa, akaja kituoni moja kwa moja, analia, akasema mama yake wa kambo anamtilia mzee kitu kwenye uji, kila akinywa anatapika. Jikoni kweli ukapatikana unga mweupe umefungwa kwenye karatasi, hauna jina wala maelezo. Mke alipoulizwa akababaika. Kwa polisi mwenye haraka, hayo yanatosha na kubaki.

"Nisomee tena, Sista," Inspekta alisema. "Polepole."

Sista wa zamu alivuta pumzi ya mtu mwenye wagonjwa ishirini na wanane. "Leo ni siku ya sita. Siku tatu za mwanzo alikuwa anapata nafuu. Alikaa kitandani mwenyewe, akala. Siku ya nne akaanza kurudi nyuma. Jana katapika mara mbili. Leo hata mguu hawezi kuunyanyua. Na mkojo jana katoa lita nne na nusu. Kiu haimwishi. Anakunywa, yote yanatoka."

"Siku hizo tatu za nafuu, nani alikuwa anamlisha?"

"Mkewe. Hakuwa anaondoka hapa hata kidogo."

"Na siku ya nne?"

Sista alimtazama kama anayeogopa kumkosea adabu mtu mwenye pingu. "Si ndiyo siku mliyomchukua, Inspekta?"

Inspekta alishusha kidole kwenye chati mpaka kwenye safu ya mwisho, ambapo kila siku palikuwa na alama tatu za kujumlisha zilizozungushiwa kalamu nyekundu. "Na hii?"

"Hiyo achana nayo. Vijiti vyetu vya kupimia mkojo vimeharibika. Vinaonyesha ana sukari nyingi, lakini tukimtoboa kidole, sukari ya damu ni tano nukta mbili. Huyo hana kisukari. Nikafungua kopo jipya la vijiti."

"Kopo jipya likasemaje?"

"Nalo limeharibika vilevile."

Katika kazi ya Inspekta, mashahidi wawili wasiojuana wakitoa maneno yaleyale, mtu hasemi wote wawili ni wendawazimu. Alikunja chati kwapani kabla Sista hajapata nafasi ya kuikatalia, akashuka ngazi kwenda maabara.

Maabara ilikuwa nyuma ya hospitali, chumba kirefu chenye harufu ya spiriti na mlango usiofunga vizuri. Mtaalamu wake alikuwa mzee anayeitwa Darubini, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta jicho lake liko mahali pengine. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na alikuwa na hasira na dunia nzima kwa ajili hiyo.

Koplo, msaidizi wa Inspekta, alikuwa ameshafika na bahasha. Uso wake ulisema yote kabla hajafungua mdomo.

"Afande, majibu ya ule unga. Ni unga wa kuumulia keki."

"Endelea."

"Na madini ya risasi pia hamna." Hilo lilimuuma zaidi Koplo, kwa kuwa risasi ilikuwa hoja yake. Alikuwa ameona kwenye kibanda cha Fundi jinsi waya wa kulehemu ulivyojaa alama za meno. Mzee alikuwa na tabia ya kuubana mdomoni mikono yake ikiwa na kazi, miaka arobaini. "Damu yake imepimwa risasi. Kiwango cha kawaida kabisa."

"Kwa hiyo tuna mwanamke mahabusu kwa kosa la kutaka kupika keki," Inspekta alisema, na Koplo akatazama viatu vyake.

Aliweka chati mbele ya Darubini. "Mzee, nieleze kitu kimoja. Mtu anawezaje kuwa na sukari kwenye mkojo na asiwe nayo nyingi kwenye damu?"

Darubini aliinua kichwa. Alisoma safu ya alama nyekundu, akarudi nyuma siku moja moja, kisha akavua miwani. "Nani kakwambia vijiti vimeharibika?"

"Wodi nzima."

"Wodi nzima haina adabu." Alivuta stuli kwa mguu, akamsukumia. "Kaa, mwanangu. Wewe ukimkamata mtu, mkoba wake unaupekuaje? Unatia mkono unapapasa?"

"Naumwaga wote mezani."

"Halafu?"

"Halafu naokota kimoja kimoja. Vyake halali namrudishia. Kisichofaa kinabaki."

"Basi hiyo ndiyo figo." Darubini alianza kupata joto. "Watu wanadhani figo inachagua uchafu na kuutoa. Sivyo. Figo inamwaga karibu kila kitu kidogo kilichomo kwenye maji ya damu. Maji, chumvi, sukari, uchafu, vyote mezani. Chembe za damu na protini tu ndizo zinabaki ndani, maana ni kubwa, tundu halizipitishi. Kwa siku moja inamwaga lita mia na themanini. Wewe ulishawahi kukojoa lita mia na themanini?"

"Mzee."

"Nauliza tu. Hujawahi, kwa sababu baada ya kumwaga kuna mirija, myembamba kuliko uzi wa buibui, na kazi ya mirija ni kuokota. Inarudisha maji karibu yote. Inarudisha chumvi kadiri mwili unavyotaka. Na sukari, kama damu haijazidiwa nayo, inarudisha yote, haiachi hata punje. Kinachobaki mezani ndicho mkojo." Aligonga chati. "Sasa mtu mwenye kisukari, damu yake imejaa sukari mpaka waokotaji wanashindwa kuimaliza. Huyu wako damu yake ni tano nukta mbili. Sukari ni kidogo, kuiokota ni kazi ya kitoto. Lakini imebaki mezani. Inakwambia nini?"

Inspekta alikuwa ameshaacha kuandika. "Kwamba anayemwaga yuko kazini. Anayeokota ndiye hayupo."

"Yupo, ila kalishwa sumu." Darubini alifungua rejista yake, akalamba kidole, akafunua. "Na daktari hakuona kwa sababu alipima uchafu kwenye damu, akaukuta si mwingi, akasema figo nzima. Figo ina kazi mbili, yeye kapima moja. Tazama hapa: fosfeti imeshuka. Potasiamu jana asubuhi mbili nukta tisa. Leo mbili nukta tatu. Inatakiwa kuanzia tatu na nusu. Hivi vyote ni vitu vya kuokotwa, navyo vinapotea chooni."

"Ikiendelea kushuka?"

"Potasiamu ndiyo inayoupa moyo mapigo yake. Ikifika chini ya mbili sitaki kuwa karibu na kitanda hicho." Hakuwa anatania tena. "Dripu wanamwekea, lakini ni kujaza ndoo iliyotoboka. Mtu anayemlisha hicho kitu akimpa tena leo, mimi siahidi kesho."

Koplo alitazama saa ya ukutani. Saa sita kamili.

"Ni kitu gani?" Inspekta aliuliza. "Nitajie sumu inayoua mirija na kuacha kichujio."

"Risasi, mmeshaitafuta. Kuna madini mengine ya viwandani, lakini fundi wa redio ayapate wapi kwa wingi huo, tena akiwa amelala wodini? La tatu," Darubini alisita, akakuna kidevu, "la tatu nililiona mara moja tu, nikiwa kijana. Dawa ya kuua vijidudu ya kizamani, tetrasaiklini. Ikiwa mpya inatibu. Ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inageuka, na hiyo iliyogeuka inakwenda moja kwa moja kwenye mirija ya figo. Kapsuli kwa nje inabaki inang'aa vilevile. Ukiifungua, unga unaotakiwa kuwa wa njano unaukuta wa kahawia."

"Hospitali hii wanaitumia?"

"Stoo hawajaiona miaka kumi."

"Basi inaingia na mgeni," Inspekta alisema, akasimama. "Koplo, washa gari. Kuna mtu mmoja anayejua kila kitu alichomeza mzee yule, na mimi nimemfungia."

Kituo kilikuwa dakika kumi na tano kutoka hospitali. Mke wa Fundi aliletwa chumba cha mahojiano akiwa bado amevaa kanga aliyokamatwa nayo, macho yamevimba, mgongo umenyooka. Alikuwa amemzidi binti wa mumewe kwa miaka saba tu, na hilo lilikuwa sehemu kubwa ya matatizo ya nyumba ile.

"Anaendeleaje?" aliuliza kabla hajaketi.

Inspekta alikuwa na sera ya kutojibu maswali ya washukiwa. "Vibaya," alijibu. "Na nahitaji unisaidie haraka. Kabla ya kulazwa alikuwa anaumwa nini?"

"Kifua. Alikuwa anakohoa wiki nzima, na mimi akaniambukiza."

"Akatumia dawa gani?"

"Mimi sijui habari za dawa, afande. Nilishasema. Chakula ni changu, dawa ni za binti yake."

Kweli alikuwa ameshasema. Ilikuwa ukurasa wa pili wa maelezo yake, mstari wa tano, na Inspekta aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe bila kuinua kichwa. Alihisi masikio yakipata moto.

"Dawa zipi?"

"Zile za kwenye kopo." Mke alishusha sauti kana kwamba hata mahabusu kuna wa kumsikia. "Mume wangu hatupi kitu, afande. Umeliona banda lake. Skrubu ya redio iliyokufa anaiweka, ipo siku itafaa. Na dawa ni hivyohivyo. Dozi ikibaki inakwenda kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Marehemu, mama yake binti, ndiye aliyekuwa analitunza. Alipokufa, binti akalichukua chumbani kwake. Mimi nilipoolewa nikaambiwa kile ni kitu cha marehemu, nisikiguse. Sikukigusa. Hata vumbi sikifuti."

"Marehemu amekufa lini?"

"Inakwenda mwaka wa tisa."

Koplo, aliyekuwa ameegemea mlango, alijinyoosha.

"Na uji?" Inspekta aliuliza. "Kwa nini alikuwa akinywa uji anatapika?"

"Binti anampa kapsuli, halafu anasema ashushie na uji wangu. Kapsuli haonekani nayo. Anayeonekana na kikombe ni mimi." Alisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja bei ya kitambaa. "Alipokwenda safari kupeleka sare alizowashonea wateja, siku tatu, kopo alilifungia. Nikamlisha peke yangu. Akaanza kupata nafuu. Nikasema mwenyewe moyoni, dawa za hospitali zimefanya kazi."

"Hukumwambia daktari habari za kapsuli?"

"Nimsemee binti wa mume wangu kwa watu? Nyumba ile ningekaa vipi?"

Inspekta alitazama saa. Saa saba kasoro dakika kumi na nane. Wageni wanaingia wodini saa saba kamili, na jana na juzi jina la kwanza kwenye kitabu cha mlinzi lilikuwa la binti wa Fundi.

Njiani alipiga simu ya wodi mara nne. Iliita mpaka ikakata, maana saa ya wageni manesi wanakuwa kila mahali isipokuwa karibu na simu. Mara ya tano aliitupa simu kwenye dashibodi. Koplo alipita kwenye taa nyekundu bila kuambiwa, akapanda ukingo wa barabara, akamkosakosa mwenye mkokoteni wa maji aliyewatukana vizuri sana.

Mlinzi wa getini alitaka waandike majina. Koplo alibaki kuandika. Inspekta alipita chini ya mkono wa mlinzi. Ngazi zilikuwa na watu wa vikapu na chupa za chai, wanapanda taratibu kama waendao harusini. Alisukuma, akasonywa, akasukuma tena. Umri wake ulimkumbusha kuwa upo kwenye ngazi ya kumi na nane.

Kitanda cha Fundi Redio kilikuwa cha sita kutoka mlangoni, kando ya dirisha. Binti alikuwa ameketi ukingoni, mkono mmoja umemwinua baba yake shingoni, mwingine umeshika glasi ya maji. Mzee alikuwa amefumba mdomo, anasubiri maji.

"Usimpe!" Inspekta alipaza sauti, na wodi nzima ikageuka. "Mzee, teme! Teme hicho!"

"We afande, vipi tena?" Binti alisimama, maji yakamwagika shukani. "Mgonjwa huyu!"

Inspekta alimpita, akakinga kiganja chini ya kidevu cha mzee, kama mama anayemwokoa mtoto na kifungo cha shati. "Teme, baba yangu. Nakuomba."

Fundi Redio alimtazama kwa macho ya mtu aliyechoka kubishana na dunia, akafungua mdomo. Kapsuli ilidondoka kiganjani, nyekundu nusu na njano nusu, imelowa, inang'aa. Inspekta aliishika ncha mbili akaivuta, ikaachana.

Unga uliomwagika ulikuwa wa kahawia iliyokolea, kama ugoro.

Sista alikuja mbio, akatazama kiganja, akatazama uso wa Inspekta, akaenda kumwita daktari bila kuuliza. Ndani ya dakika chache kitanda kilizungukwa. Walipima moyo, wakabadilisha dripu, wakamtuma mtu maabara. Daktari alikuwa kijana, na Inspekta alipomweleza maneno ya Darubini aligeuka rangi, lakini hakubisha. Alisema kitu kikikatizwa leo, mirija ya figo ina uwezo wa kupona, wiki kadhaa, labda zaidi. Kingeendelea hata siku mbili asingeahidi.

Inspekta alimtoa binti nje, kwenye korido, akamkalisha kwenye benchi. Alikuwa fundi cherehani wa miaka thelathini na kidogo, na sindano mbili zilikuwa zimesahauliwa kwenye kola ya gauni lake. Kopo la biskuti lilikuwa ndani ya mkoba. Inspekta hakuumwaga mkoba safari hii. Alinyoosha mkono, akapewa.

"Leo umempa ngapi?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza. Jana mbili, juzi mbili. Ni dawa ya kifua, afande. Ilimtibu mama. Wodini wanamwekea maji tu kwenye mshipa, wanasema tusubiri vipimo. Nisubiri afe?"

"Mama alitibiwa nayo mwaka gani?"

Binti alifungua mdomo, akahesabu, akaufunga. Inspekta alimweleza yote kwa maneno machache, kwa kuwa kumzungushia lingekuwa kosa la pili. Alimwambia kuhusu unga wa njano na unga wa kahawia, sukari iliyobaki mkojoni, siku tatu za nafuu na kwa nini zilikuwa tatu. Alisema haoni kosa la jinai hapo, na kwamba jalada atalifunga leo. Hakuna alichokisema kilichomsaidia binti yule. Alikuwa ameinama.

"Mama mdogo naye alikuwa anakohoa," alisema hatimaye. "Aliniomba. Alinibishia hodi mlangoni, kwa adabu tu, akasema mwanangu nipatie na mimi mbili. Nikamnyima. Nikamwambia hizi ni za mama yangu."

Inspekta alifunga kifuniko cha kopo, akalitia kwapani.

Sista alitoa kichwa mlangoni. "Mzee anauliza. Anasema mkewe mbona haji, leo siku ya tatu."

"Mlimwambia nini?" Inspekta aliuliza.

"Nilimwambia amesafiri," binti alisema.

Inspekta alisimama, akanyoosha koti lake. Angeweza kwenda zake. Kazi ilikuwa imekwisha, kopo lilikuwa kwapani, na mambo ya nyumba za watu hayamo kwenye mwongozo wa polisi. Lakini aibu ilikuwa imemkaa kifuani kama mfupa, na alijua haitateremka kwa kutia saini karatasi.

"Twende," alimwambia binti. "Wote wawili."

Fundi Redio alikuwa ameegemezwa kwenye mito, sindano mpya mkononi. Aliwatazama wanawake wawili waliosimama miguuni pa kitanda chake, kwanza mmoja, kisha mwingine.

"Mama mdogo hajasafiri, baba," binti alisema. "Yuko polisi. Nilimpeleka mimi. Nilisema anakuwekea sumu, na sumu nilikuwa nakupa mimi."

"Na mlango wa mahabusu nilifunga mimi, mzee," Inspekta alisema. "Alikuwa ameniambia ukweli, nikauandika bila kuusikia."

Maji ya dripu yalidondoka, tone, na tone jingine. Mzee alijaribu kuunyanyua mkono kumwelekea binti yake, ukafika nusu ukarudi shukani, na binti akaudaka kabla haujalala.

"Sasa mnanitazama nini?" Fundi Redio alisema. "Nendeni mkamfungulie."